Bushi na Silentbloc: Ufundi wa Kuimarisha Miguu ya Gari katika Historia ya Kiswahili, kutoka Nairobi hadi Tshangalele

1. Utangulizi

Msafiri atokaye Lubumbashi kwenda Likasi hufuata njia kuu ya lami, mwendo wa kilomita zipatazo 120. Akiiacha lami na kushika njia za udongo zielekeazo ziwa Tshangalele, safari hubadilika mara moja. Ziwa hili si la kale. Lilizaliwa kutokana na bwawa la Mwadingusha katika mto Lufira, lililokamilika mwaka 1930 ili kuvipatia umeme viwanda vya shaba vya Katanga. Tangu hapo samaki wake wamekuwa chakula cha miji ya migodi, na kila siku huchukuliwa kutoka Kapolowe na vijiji vya kando ya maji kwa magari ambayo mengi yake yamekwisha kuzeeka. Gari kama hilo likianza kuyumba, usukani ukavuta upande mmoja na tairi likalika ndani kuliko nje, fundi wa Likasi hulala chini yake, akatikisa gurudumu, kisha akatoa hukumu: silentbloc imekufa. Fundi wa Dar es Salaam au Nairobi, akilala chini ya gari lile lile, angesema kuwa bushi zimekwisha.

Kitu ni kimoja, lugha ni moja, na majina ni mawili. Makala haya yanakusudia kueleza kifaa hicho kidogo na mkono wa chuma kinachoushika, kisha kufuatilia jinsi ufundi wa kuviimarisha ulivyokua katika Afrika ya Mashariki. Njia iliyo wazi zaidi ya kufanya hivyo ni kupitia mashindano ya magari ya Safari, kwa kuwa huko kila gari lililovunjika lilivunjika mbele ya macho ya watu, na matokeo ya kila mwaka yaliandikwa. Baada ya hapo tutarudi Likasi. Hoja yetu ni kwamba gari halijawahi kuimarishwa kwa kifaa peke yake. Ugumu wa kifaa hulipiwa na jasho la fundi, na historia iliyomtaja dereva na gari bila kumtaja fundi imeacha nusu ya habari. Sehemu ya nusu hiyo imehifadhiwa katika maneno ya Kiswahili cha gereji, maneno ambayo sisi wanafunzi wa lugha tumezoea kuyapuuza.

2. Kifaa chenyewe na kazi yake

Yafaa tuanze na maelezo machache kwa ajili ya msomaji asiyeshinda gereji. Gurudumu la gari halikufungwa moja kwa moja kwenye chesisi. Limeshikwa na mkono mmoja au zaidi wa chuma, ambao ncha yake moja iko karibu na gurudumu na nyingine imeungwa na mwili wa gari. Mkono huu hupanda na kushuka kadiri gurudumu linavyopita juu ya jiwe au ndani ya shimo. Springi hubeba uzito, na shokomzoba hutuliza mruko wa springi. Kazi ya mkono ni kuhakikisha kuwa gurudumu linapanda na kushuka bila kwenda mbele, nyuma wala pembeni.

Pale mkono unapoungana na mwili wa gari ndipo ilipo bushi. Kwa kawaida ni bomba mbili za chuma, ndogo ikiwa ndani ya kubwa, na kati yake umegandishwa mpira. Mkono unapopanda mpira husokoteka, na mkono unaposhuka mpira hujirudia. Hakuna chuma kinachosuguana na chuma, wala hapahitajiki grisi. Zaidi ya hayo mpira humeza mtikisiko mdogo mdogo wa barabara usifike kwa abiria. Lakini mpira huzeeka. Joto, mafuta, vumbi na miaka huupasua, na ukishapasuka gurudumu huacha kutii. Dereva akikanyaga breki, gurudumu hurudi nyuma kidogo na kubadili mwelekeo, na gari huenda lisikoelekezwa. Katika njia yenye daladala, matatu na malori yanayokutana kwa mwendo mkubwa, kidogo hicho chatosha kuua.

Mtu anayetaka gari lake liwe jepesi na tiifu kuliko lilivyotoka kiwandani ana njia tatu. Ya kwanza ni kuweka mpira mgumu zaidi. Ya pili ni kuweka bushi za polyurethane, kemikali iliyovumbuliwa na Otto Bayer na wenzake huko Leverkusen, Ujerumani, mwaka 1937. Bushi hizo hazisokoteki kama mpira bali huteleza juu ya bomba la ndani, na kwa sababu hiyo huhitaji grisi, zikikosa hupiga kelele. Njia ya tatu ni kuondoa mpira kabisa na kuweka kiungo cha chuma cha mviringo, ambacho hakitoi nafasi hata kidogo. Aidha, mkono wenyewe waweza kubadilishwa ukawekwa mwingine mnene zaidi, au ule ule ukaongezewa bamba la chuma kwa kuchomelea.

Hapa ndipo lilipo fumbo ambalo kila fundi mzuri analijua. Nguvu ya shimo haipotei. Mpira ukikataa kuipokea huipeleka kwenye mkono, mkono ukikataa huipeleka kwenye boliti, na boliti ikikataa huipeleka kwenye mwili wa gari, nao mwishowe huchanika. Wahenga walisema kamba hukatikia pembamba. Anayeimarisha sehemu moja huwa hajaondoa pembamba, bali amepahamisha. Kwa sababu hiyo magari ya mashindano hayakuwekewa vifaa vigumu tu. Miili yake nayo ilichomelewa upya kwenye maungio, na mahali mikono inaposhikizwa paliongezewa mabamba.

3. Mpira na safari yake

Si haki kuzungumzia mpira katika makala yanayoanzia Kongo bila kukumbuka ulikotoka. John Boyd Dunlop alipata hataza ya tairi la upepo mwaka 1888, miaka mitatu baada ya Mfalme Leopold wa Pili kujitwalia Dola Huru ya Kongo. Mahitaji ya tairi za baiskeli, na baadaye za motokaa, yalipandisha bei ya mpira, na katika misitu ya Kongo mpira ulikusanywa kwa mateso yaliyolazimisha dola hiyo kuondolewa mikononi mwa mfalme mwaka 1908. Kufikia wakati ambapo mpira ulianza kutumiwa kwa wingi katika viungo vya chini ya gari, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mashamba ya Asia ya Kusini-Mashariki yalikuwa yameishinda misitu ya Afrika sokoni. Hata hivyo mpira wa asili umebaki na sifa ambayo kemikali nyingi hazijaipita: waweza kusokotwa na kuachiwa mara nyingi mno kabla ya kuchoka.

Mafundi wa Ulaya wakati huo walikuwa na shida ya kelele. Viungo vya zamani vilikuwa vya shaba na chuma, vilidai grisi kila wiki, na vikikosa vililia. Kiungo cha mpira uliobanwa kati ya bomba mbili kiliuzwa kwa jina la biashara Silentbloc, maana yake pande lililo kimya, na katika Kifaransa jina hilo la biashara likageuka kuwa jina la kawaida la kila kiungo cha aina hiyo. Upande wa Kiingereza, kifaa kiliendelea kuitwa bush, neno la kale lenye asili ya Kiholanzi lililomaanisha kijisanduku. Mipaka iliyochorwa na wakoloni iligawa pia majina haya. Silentbloc likaingia Kongo pamoja na Kifaransa cha Wabelgiji, na bush likaingia Kenya, Uganda na Tanganyika pamoja na Kiingereza, likapata irabu ya mwisho na kuwa bushi.

4. Mashindano ya Safari kama mtihani wa chuma

Mwaka 1953, ili kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, walowezi waliopenda magari waliandaa mashindano yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika. Yaliitwa Coronation Safari. Mwaka 1960 jina likabadilika kuwa East African Safari, na katika miaka ya sabini, njia ilipobaki Kenya peke yake, yakaitwa Safari Rally. Mwaka 1973 yaliingizwa katika mashindano ya ubingwa wa dunia, yakadumu humo hadi 2002, na baada ya kukosekana kwa miaka mingi yakarejea mwaka 2021, yakiwa na makao yake Naivasha.

Sifa ya Safari ya zamani ilikuwa urefu na ubaya wa njia. Magari yalikimbia maelfu ya kilomita, usiku na mchana, kwenye barabara ambazo zilikuwa wazi kwa ng'ombe, mabasi na wapita njia. Kwa miaka mingi yalifanyika wakati wa Pasaka, msimu wa masika, na udongo mkavu wa asubuhi uliweza kuwa tope jioni. Mwaka 1963 yalianza magari 84 yakamaliza 7. Mwaka 1968 yalimaliza 7 tena. Katika miaka yote hiyo miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki katika Peugeot 404.

Mtu atarajiaye kuwa ushindi ulikwenda kwa magari yenye miguu ya kisasa kuliko mengine atashangazwa na orodha ya washindi. Volkswagen, iliyoshinda katika miaka ya mwanzo, haikuwa na springi za kawaida bali nondo za chuma zinazosokoteka, na viungo vyake vya mbele vilihitaji grisi mara kwa mara. Ford Zephyr aliyoshinda nayo Vic Preston mwaka 1955 ilikuwa na muundo wa mbele uliobuniwa na Earle MacPherson, ambao huliacha gurudumu lishikwe chini na mkono mmoja tu. Volvo PV544 iliyompa Joginder Singh ushindi wa mwaka 1965, akiwa na ndugu yake Jaswant, ilikuwa gari lililokwisha kutumika. Mitsubishi Lancer aliyoshinda nayo mwaka 1974 na 1976 ilikuwa na springi za mabamba nyuma, kama za pikapu, na hata Ford Escort ya Hannu Mikkola, mgeni wa kwanza kutoka ng'ambo kushinda, mwaka 1972, ilikuwa hivyo hivyo.

Mfano ulio wazi kupita yote ni wa Datsun. Mwaka 1970 Edgar Herrmann alishinda na Datsun 1600 SSS, na mwaka 1971 na 240Z. Magari hayo mawili yalikuwa na magurudumu ya nyuma yanayojitegemea, kila moja kwa mkono wake. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda mwaka 1973 na 240Z, akashinda tena mfululizo mwaka 1979, 1980, 1981 na 1982. Lakini magari ya ushindi huo wa mara nne, Datsun 160J na Violet GT, yalikuwa na ekseli nzima nyuma iliyoshikwa na fito nne. Kwa kipimo cha vitabu vya uhandisi huku ni kurudi nyuma. Kwa kipimo cha barabara za Kenya, fito nne zenye bushi zinazofikika kwa urahisi na ekseli isiyobadili mwelekeo wa magurudumu zilikuwa hatua ya mbele.

Tusielewe vibaya. Timu za viwanda zilitumia viungo vigumu na mikono iliyoongezewa chuma; hazikushinda kwa kuacha magari kama yalivyotoka dukani. Lakini ziliweza kufanya hivyo kwa sababu kila baada ya mwendo fulani palikuwa na mafundi wanaongoja na vipuri. Mkono uliopinda ulifunguliwa, mwingine ukafungwa, na dereva akaondoka kabla vumbi lake halijatua. Kiungo cha chuma ambacho vumbi lingekila kwa siku chache hakikuwa na neno, maana hakikutakiwa kuishi siku hizo. Gari la mashindano, kwa hiyo, lilikuwa gari pamoja na kundi la watu waliolifuata njiani.

Ukweli huu haujabadilika. Safari iliporejea mwaka 2021, Thierry Neuville wa Ubelgiji aliongoza hadi siku ya mwisho, akaupoteza ushindi kwa kuharibika kwa shokomzoba ya nyuma katikati ya mashindano ya asubuhi, mbali na mafundi wake. Sébastien Ogier akashinda. Vifaa vilikuwa vya thamani isiyolinganishwa na vile vya mwaka 1953, na barabara ilipata tu pale palipokuwa pembamba.

5. Mafundi wasioandikwa

Orodha ya washindi wa Safari humtaja dereva, msaidizi wake na gari. Fundi hana safu yake. Hata hivyo alama zake zipo kwa mwenye kuzitafuta. Joginder Singh mwenyewe, aliyeitwa Simba wa Kenya, alikuwa mtoto wa gereji. Alijifunza ufundi katika karakana ya baba yake kabla ya kujulikana kwa udereva. Wengi wa Masingasinga walioingia Afrika ya Mashariki tangu siku za kujengwa kwa reli walikuwa mafundi wa chuma na mbao, na neno kalasinga, ambalo katika Kiswahili humtaja Singasinga, lilikuja kubeba pia picha ya fundi stadi. Katika karakana zao walifanya kazi vijana wa Kiafrika, mwanzo kama wasaidizi wa kushika spana. Kenneth King, katika kitabu chake The African Artisan cha mwaka 1977, alieleza jinsi ujuzi ulivyohama kutoka karakana za Wahindi kwenda kwa mafundi Waafrika waliofanya kazi nje, juani. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya ya mwaka 1972 ndiyo iliyoifanya sekta hiyo ijulikane kwa wachumi. Wenyewe waliipa jina la Kiswahili lililo sahihi kuliko la wachumi: jua kali.

Tanzania nayo ina jina lake. Gereji isiyosajiliwa, chini ya mwembe au kando ya barabara, huitwa gereji bubu. Haina bango, haina stakabadhi, na haiachi karatasi yoyote kwa mwanahistoria wa kesho. Lakini ndimo maarifa yalimosafishwa. Fundi wa gereji bubu anayekata bushi kutoka tairi kuukuu hafanyi hivyo kwa ujinga wa kutojua kuwa kuna bushi mpya dukani. Amepima bei ya kifaa, umri wa gari, ubaya wa njia na mfuko wa mwenye gari, akafikia uamuzi. Uamuzi huo waweza kuwa mbaya, kwani mpira wa tairi haukugandishwa kwenye chuma, na baada ya muda hulegea. Hata hivyo ni uamuzi, na una sababu zake.

Kinyume chake twaona leo katika miji yetu. Vijana wenye uwezo, waliovutiwa na Subaru za mashindano, hununua bushi ngumu kuliko zote wakidhani kuwa ndivyo Safari ilivyoshindwa. Wanachukua ugumu wa gari la mashindano na kuacha kundi la mafundi lililoufanya ugumu huo uvumilike. Gari likianza kugonga na kupasuka kwenye maungio, hulaumiwa barabara, au fundi aliyeyafunga yale aliyoagizwa kufunga.

6. Kurudi Likasi: maneno kama hati za historia

Sasa turejee Tshangalele. Katanga iliingia katika zama za mashine mapema na kwa kasi. Kampuni ya Union Minière iliundwa mwaka 1906. Reli kutoka kusini ilifika Elisabethville, Lubumbashi ya sasa, mwaka 1910. Wafanyakazi waliletwa kutoka pande nyingi, nao walihitaji lugha ya kuelewana kazini. Lugha hiyo ikawa Kiswahili. Johannes Fabian, katika Language and Colonial Power cha mwaka 1986, ameonyesha kuwa Kiswahili hicho hakikuwa masazo tu ya lugha ya misafara, bali kilikua pamoja na kazi ya mshahara, chini ya macho ya makampuni, wamisionari na serikali. Likasi, iliyoitwa Jadotville kuanzia 1931 hadi 1966, ni moja ya miji iliyolelewa katika Kiswahili hicho.

Ni sadfa yenye mafunzo kwamba mwaka ule ule wa 1930 bwawa la Mwadingusha lilipokamilika, Kamati ya Lugha ya Afrika ya Mashariki iliundwa ili kusanifisha Kiswahili cha Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja. Kongo haikuwamo. Matokeo yake ni kwamba kwa miaka mingi Kiswahili cha Katanga kilitazamwa na wasomi wa pwani kama lugha iliyoharibika. Neno silentbloc mdomoni mwa fundi wa Likasi lilihesabiwa kuwa uchafu wa Kifaransa, ilhali bushi mdomoni mwa fundi wa Mombasa lilihesabiwa kuwa Kiswahili. Lakini kwa haki ipi? Yote mawili ni maneno ya kigeni yaliyokuja na kifaa. Na hata gari lenyewe ni neno tulilopewa na lugha za Bara Hindi, kama vile tulivyochukua springi, breki, spana, jeki na nati kutoka Kiingereza.

Tukiyatazama maneno haya kama hati, yanatusimulia nani alimfundisha nani. Fundi asemaye bushi na boljointi alijifunza kwa mtu aliyejifunza kwa Mwingereza au kwa Singasinga aliyefanya kazi chini ya Mwingereza. Fundi asemaye silentbloc, rotule na amortisseur alijifunza katika mstari unaofika kwenye karakana za Wabelgiji. Mkono wa gurudumu, ambao Wafaransa huuita pembetatu kwa sababu ya umbo lake, kwa Kiingereza huitwa mfupa wa kidari cha kuku kwa sababu hiyo hiyo. Watu wawili walikitazama kitu kimoja, mmoja akaona jiometri na mwingine akaona kitoweo. Siku hizi mistari hiyo miwili hukutana Likasi. Vipuri vingi hupitia mpaka wa Kasumbalesa kutoka Zambia, na maandishi ya Kiingereza juu ya kisanduku. Fundi husoma jina moja, hutamka jingine, na hujadiliana bei na mteja kwa Kiswahili.

Katanga imekwisha kutupa mfano wa historia iliyoandikwa na wasiotazamiwa kuandika. Mwaka 1965 André Yav aliandika, kwa niaba ya watumishi wa nyumbani, historia ya mji wa Elisabethville kwa Kiswahili cha huko, bila kungoja ruhusa ya kamati yoyote ya usanifishaji. Fabian aliichapisha pamoja na ufafanuzi mwaka 1990, na leo hakuna mtafiti wa historia ya Katanga anayeweza kuipita. Watumishi waliwajua mabwana zao kutoka jikoni. Mafundi nao wameijua karne ya motokaa kutoka chini ya gari, na hapana shaka kuwa wana la kusema.

7. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha mambo matatu. Kwanza, kuimarisha miguu ya gari ni kuchagua mahali pa kupokea mshtuko, wala si kuuondoa. Na barabara, si kitabu cha kiwanda, ndiyo inayoamua kama uchaguzi ulikuwa mwema. Pili, historia ya Safari inathibitisha kuwa vifaa vigumu vilifaa pale tu palipokuwa na mafundi wa kuvibadilisha kabla havijashindwa. Gari la samaki la Tshangalele halifuatwi na mafundi njiani, na kwa hiyo mpira mzuri, uliobadilishwa kwa wakati wake, ndio uimara wake wa kweli. Tatu, majina ya kifaa hiki katika Kiswahili ni ushahidi wa historia ambayo haikuandikwa kwingineko.

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Maongezi juu ya Kiswahili cha pamoja yameongezeka tangu hapo, na watunga istilahi watashawishika kutafuta neno moja litakalochukua nafasi ya bushi na silentbloc. Kabla hawajafanya hivyo, tungewaomba wanafunzi wa idara zetu watoke na madaftari yao waende kwenye gereji, Kinondoni kama vile Likasi, wakaandike maneno yaliyopo na majina ya waliowafundisha mafundi maneno hayo. Wazee waliofunga mikono ya Peugeot na Datsun wanazidi kupungua kila mwaka. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: Kiswahili kiliipa dunia neno safari, nalo liliandikwa ubavuni mwa magari, waliolala chini ya magari hayo, wakazungumza Kiswahili hicho hicho huku mafuta yakiwadondokea usoni, wanastahili angalau kuandikwa katika kurasa zetu.